SOMO LA AFYA: Yoga na Vyuma, Kila Kimoja na Wakati Wake

Katika miji ya Migori, Awendo, Homa Bay na Oyugis utawapata vijana wakiinua vyuma jioni baada ya kazi. Wengi huondoka jimu bila kujinyoosha, na kesho yake hulalamika kuwa mgongo umekaza. Huenda mchana kutwa walikuwa juu ya bodaboda, katika shamba la miwa au ziwani wakivuta nyavu. Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kuunganisha mazoezi ya jimu na yoga bila kujiumiza.

Yoga ni nini?

Yoga ilianza India zamani sana na mizizi yake imo katika dini za huko. Hapa Kenya wengi huifanya kama mazoezi ya mwili na pumzi tu. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 2007, limewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa yoga. Asiyelipenda jina hilo kwa sababu ya imani yake anaweza kujinyoosha na kupumua vivyo hivyo. Misuli haitaona tofauti.

Kila kimoja kina kazi yake

Vyuma huimarisha misuli na mifupa. Yoga husaidia viungo kukunjuka, mwili kuwa na usawa na akili kutulia. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2020 unashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea haraka, na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 kwa wiki ili wasianguke. Kama huna jimu karibu, pushapu, kuchuchumaa na kuinua mtungi wa maji vyatosha kuanzia.

Fuata mpangilio huu

Kosa la kawaida ni kujinyoosha kwa muda mrefu, kisha kuingia moja kwa moja kwenye vyuma vizito. Msuli uliovutwa kwa zaidi ya dakika moja hupungua nguvu kidogo kwa muda.

1. Kabla ya vyuma: dakika 5 hadi 10 za kutembea, kuzungusha mabega na kuchuchumaa polepole.
2. Wakati wa kuinua: toa pumzi unapoinua, vuta pumzi unaposhusha. Kubana pumzi hupandisha presha ghafla.
3. Baada ya vyuma: kalia visigino, inama mbele na unyooshe mikono sakafuni. Kisha lala chali, vuta goti moja kifuani, halafu la pili. Shikilia kila mkao sekunde 20 hadi 30. Leso au mkeka watosha.
4. Katika wiki: Jumatatu na Alhamisi vyuma, Jumanne na Jumamosi yoga nusu saa, Jumatano na Ijumaa tembea haraka, Jumapili pumzika.

Tahadhari

Presha ya juu mara nyingi haina dalili, kwa hivyo pimwa kabla ya kuanza. Mwaka wa 2023 serikali ilianza kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupima presha. Muulize wa kijiji chako, au nenda zahanati iliyo karibu. Mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa asiinue vyuma vizito wala kukaa kichwa chini kabla ya kumwona daktari.

Eneo letu la ziwa lina watu wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Mwenye ugonjwa huo apate ushauri wa daktari kwanza, anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla ya kuchoka na aepuke jua kali. Mama mjamzito pia aulize kliniki. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu makali ya kiungo, acha mara moja na utafute matibabu.

Zoezi la wiki hii

Simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, uhesabu sekunde. Andika ulipofikia kwa kila mguu. Rudia baada ya wiki 4 za mpangilio huu, ulinganishe.