Siku ya Kukumbuka Arusi Nyumbani

Somo: Yoshua 4:1–7

Baadhi ya wainjilisti wameniomba niandike juu ya jambo hili: yawapasaje Wakristo kuishika siku ya arusi yao, mwaka hata mwaka? Sababu ya kuuliza naijua. Siku hizi hapa Tukuyu, na hata vijijini kwetu Rungwe, mtu akitimiza miaka 10 au 25 ya ndoa huundwa kamati, hugawanywa kadi za michango, hukodiwa ukumbi, mpiga picha, na mshereheshaji pamoja na vipaza sauti vyake. Si dhambi. Ndoa iliyodumu miaka 25 yastahili kushukuriwa mbele ya watu, na mwenye uwezo na afanye. Lakini nimeketi pia na mume na mke waliouza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya jioni moja. Januari ilipofika, mtoto wao wa shule ya bweni hakuwa na nauli wala godoro. Wakaanza kulaumiana, kila mmoja akisema, "Wewe ndiwe uliyeitaka sherehe." Siku iliyowekwa kuwaunganisha ikawatenga.

Wazee wengine husema hii ni desturi ya wageni tu. Nao wana haki kwa sehemu. Babu zetu Wanyakyusa hawakuhesabu tarehe ya arusi. Ndoa ilisimama juu ya ng'ombe waliotoka kwa baba wa kijana kwenda kwa baba wa binti, na watu waliwakumbuka ng'ombe hao, rangi zao na ndama zao, vizuri kuliko sisi tunavyokumbuka vyeti vyetu. Tena wavulana, wakipata umri wa miaka kumi na kitu, walijenga kijiji chao wenyewe, rika moja pamoja, na hata baada ya kuoa mtu alikula na wenzake wa rika. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kwetu katika miaka ya 1930, waliandika mengi juu ya neno letu ukwangala, yaani ule uzuri wa kuketi na wenzako, kula nao, na kuzungumza bila haraka. Lakini ukwangala huo ulikuwa hasa wa wanaume. Mke alipika, chakula kikapelekwa, naye akabaki jikoni na watoto. Mimi naona neno hili ni jema mno kuachwa nje ya mlango wa nyumba.

Wala tusidhani kwamba ukubwa wa karamu ndio Ulutheri. Martin Luther na Katharina von Bora walioana tarehe 13 Juni 1525, jioni, mbele ya mashahidi wachache tu. Karamu ya wageni ilifuata siku 14 baadaye. Mwaka 2025 ilitimia miaka 500 tangu siku ile. Katharina mwenyewe alikuwa mama wa bustani, mifugo na samaki wa bwawani. Angalikuwa huku kwetu, nadhani angalijua bei ya ndizi kuliko mumewe.

Sasa niungame langu. Nimefungisha ndoa nyingi, na tarehe yangu mwenyewe naliisahau. Katika mwaka wetu wa 12, siku ile ile, nalikwenda kubariki jubilei ya watu wengine, nikarudi usiku nimeshiba pilau. Mama wa watoto wangu alikuwa ameketi kando ya moto. Akaniambia, "Baba, leo umeiombea ndoa ya watu." Hakusema zaidi. Nalidhani anaisifu kazi yangu! Asubuhi nilipotazama kalenda ndipo nilipofahamu. Tazameni Kumbukumbu la Torati 24:5. Mume mpya aliachiliwa mwaka mzima, asiende vitani, akae nyumbani kwa ajili ya furaha ya mkewe. Mungu alitoa mwaka. Mimi nalishindwa kutoa siku moja.

Basi Julai iliyopita, tulipotimiza miaka 20, nalimwomba mwinjilisti ashike zamu yangu, nikaizima simu. Mimi na wana wetu wawili tulipika. Naliishika ndizi mbichi bila kupaka mafuta mikononi, utomvu ukaniganda hata jioni, na Mama akacheka hata akafuta machozi. Tulikula ndizi na maharage, na maziwa ya mgando, sote katika chungu kimoja. Kabla ya kula tulisoma tena maneno ya ahadi, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Nawaambia kweli, ni vigumu kuyasoma baada ya miaka 20 kuliko siku ya kwanza, maana sasa wajua unasema nini.

Kisha tulipanda gari la abiria, tukashuka njia panda, tukaenda kwa miguu mpaka mto Kiwira, penye Daraja la Mungu. Wengi wenu mmeliona: mwamba uliotokana na moto wa volkano, umepita juu ya mto kama tao, na maji yaenda chini yake kuelekea Ziwa Nyasa. Kiingilio chake si kitu mbele ya bei ya ukumbi. Ukungu ulikuwa mzito, Mlima Rungwe haukuonekana kabisa.

Hapo ndipo somo letu la Yoshua lilinijia. Mawe kumi na mawili yalitolewa katika Yordani ili watoto waulize maana yake, na baba zao wawajibu. Angalieni: mawe hayasemi yenyewe. Lazima awepo mtoto wa kuuliza, na mzazi aliye na nafasi ya kujibu. Katika ukumbi wenye vipaza sauti, mtoto atamwuliza nani?

Binti yetu mdogo alimwuliza mama yake, "Siku ya arusi yenu palikuwaje?" Mama akasimulia: mvua, matope, na viatu vya baba vya kuazima vilivyombana. Watoto wakacheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwaka uliofuata walimzika mtoto wa kwanza, akiwa na miezi minne, akalitaja jina lake. Watoto wetu wawili wadogo hawakulijua jina hilo. Mimi nalikuwa sijalitamka kwa miaka mingi. Nalidhani kunyamaza ni kumhurumia mama yake. Akanitazama akasema, "Nalikuwa nangoja ulitaje wewe."

Wainjilisti, kwa hiyo msiwahimize watu wafurahi tu siku hiyo. Watakapokuja kuomba sala ya shukrani, waulizeni kwanza kama wamepata kuketi wawili. Na mjane msimsahau. Tarehe yake ingaliko.

Tuliporudi tulipita nyumbani kwa baba yangu, maana kaburi liko nyuma ya migomba yake. Mvua ilikuwa imeanza. Binti yetu akaliuliza jina lile tena, nikalitaja mimi, naye akainama akaanza kung'oa majani.