Ujue Ukubwa wa Masasisho Kabla ya Kuyapakua

Mifumo ya Linux, kama vile Ubuntu na Debian, hutolewa bila malipo. Intaneti inayotumika kuisasisha haitolewi bure, na kwa mtumiaji anayenunua kifurushi cha GB 1, sasisho moja laweza kummalizia salio kabla kazi haijakamilika. Kwa sababu hiyo tunawashauri watumiaji wasikubali kupakua chochote ambacho hawajaonyeshwa ukubwa wake.

Taarifa hiyo, kwa kweli, imo ndani ya kompyuta. Orodha za programu ambazo Ubuntu huzichukua kutoka kwenye hazina yake hutaja ukubwa wa kila faili. Hivyo, chombo cha kusasisha kinapoonyesha kitufe tu pasipo idadi ya MB, waundaji wake ndio walioacha kuionyesha, haikukosekana. Kwa maoni yetu, hiyo ni kasoro kwa yeyote anayelipia data.

Ukikutana na hali hiyo, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike: sudo apt upgrade. Kabla ya kuanza, mfumo utakuonyesha viwango viwili na kukuuliza iwapo uendelee. Hapa ni rahisi kukosea. Kiwango cha kwanza ni data itakayopakuliwa. Cha pili ni badiliko la nafasi kwenye diski. Kwa kuwa toleo jipya huondoa la zamani, nafasi ya diski yaweza kuongezeka kwa MB 3 tu ilhali data itakayotumika ni MB 300. Litazame la data. Likiandikwa kwa namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, ya kushoto ndiyo iliyosalia kupakuliwa. Ukiona ni kubwa mno, jibu n, na masasisho hayatapakuliwa. Amri ya kuhuisha orodha, sudo apt update, nayo hutumia data, na hutaja kiasi chake baada ya kumaliza.

Kwa programu moja, andika apt show na jina lake. Ile iitwayo linux-firmware, katika Ubuntu 22.04, peke yake huzidi MB 200.

Programu za aina ya snap zahitaji uangalifu zaidi. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kwa njia hiyo. Kwa kawaida snap hutafuta masasisho mara nne kwa siku na kuyapakua bila kuuliza. Amri sudo snap refresh --hold=72h huyaahirisha kwa saa 72, muda wa kutosha kufika penye intaneti ya bei nafuu.

Salio likikatika katikati ya apt, usifute chochote kwa amri ya apt clean. Sehemu iliyokwisha kupakuliwa huhifadhiwa, na ukirudia amri ileile, upakuaji utaendelea kutoka ulipoishia.