Ufa Mdogo Huvunja Chuma

Chukua kipande cha waya. Ukunje, kisha ukunjue. Rudia mara nyingi. Mwishowe waya utakatika. Chuma nacho huchoka.

Injini ya ndege ya jeti ina mapanga kama ya feni. Huzunguka kwa kasi sana. Mapanga hayo pia huchoka. Kwanza hutokea ufa mdogo. Ufa hukua polepole, kisha panga hukatika ghafula.

Tarehe 17 Aprili 2018 ndege ilitoka New York, Marekani, kwenda Dallas. Angani, panga moja kati ya 24 lilikatika. Vipande vya injini vilivunja dirisha. Abiria mmoja alifariki. Rubani alitua Philadelphia, na watu 148 wakaokoka.

Wataalamu walichunguza panga hilo. Waliona ufa kwenye shina lake, mahali palipofichika. Siku chache baadaye, mafundi waliamriwa kupima mapanga ya injini za aina hiyo. Walitumia sauti isiyosikika kwa sikio. Sauti hiyo hufichua ufa ambao jicho halioni. Panga lenye ufa huondolewa.

Ndugu msomaji, kagua chombo kabla hakijavunjika.

Maswali
1. Kwa nini waya hukatika?
2. Ufa wa panga ulikuwa wapi?
3. Wewe hukagua vyombo gani kabla ya kazi?