Kusoma Fatiha Nyuma ya Imamu, na Riba ya Benki

Ndugu wawili wameuliza maswali ambayo kwa kuyatazama tu hayana uhusiano. Wa kwanza ameingia Jumuiyani kutoka katika madhehebu ya Shafii. Anauliza kwa nini katika misikiti yetu imamu kwa kawaida hasomi Bismillahi kwa sauti, wala hasomi kunuti kila alfajiri, na kama maamuma apaswa kuisoma Fatiha. Wa pili, ambaye bado anachunguza, ana akiba yake benki. Kila mwaka benki humwongezea kitu, naye ataka kujua aifanyeje fedha hiyo. Nimeyajibu pamoja kwa makusudi, na sababu itaonekana mbele.

Asili ya jambo la Fatiha ni Hadithi iliyopokelewa na Hadhrat Ubada bin Samit r.a., iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba asiyesoma Fatiha hana sala. Maulamaa walihitilafiana: je, neno hili lamhusu maamuma pia? Imamu Shafii alisema lamhusu. Imamu Abu Hanifa alisema kisomo cha imamu chamtosha maamuma katika sala zote. Imamu Malik na Imamu Ahmad bin Hanbal walishika njia ya kati, kwamba maamuma asome wakati imamu asomapo kimya, na anyamaze asikiapo sauti yake. Wasiosoma hutegemea aya ya 205 ya Sura Al-Aaraf (tukiihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza), ambamo waumini waamrishwa kuisikiliza Qurani isomwapo na kunyamaza.

Hoja hiyo si nyepesi, wala haifai kuwacheka walioishika. Lakini yule aliyeteremshiwa aya ndiye aijuaye zaidi maana yake. Siku moja katika sala ya alfajiri kisomo kilimwia kizito Mtume s.a.w. Alipomaliza aliwauliza masahaba kama walikuwa wakisoma nyuma yake, nao wakakiri. Hapo akawakataza wasisome kitu isipokuwa Fatiha. Habari hii imo katika Tirmidhi na Abu Daud. Nayo alfajiri ni sala isomwayo kwa sauti. Tena Hadhrat Abu Huraira r.a. aliulizwa na mtu juu ya kuwa nyuma ya imamu, akamwambia aisome nafsini mwake, na akaeleza sababu: Mwenyezi Mungu ameigawa sala nusu mbili baina Yake na mja Wake, na mgawo huo umo katika Fatiha, mja akitamka na Mola akimjibu aya kwa aya. Ni nani apendaye mazungumzo kama hayo yafanywe na mwingine kwa niaba yake?

Basi Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alifundisha kwamba maamuma aisome Fatiha hata katika sala za sauti. Na asome taratibu, katika vituo vya imamu baina ya aya na aya, asije akamsumbua jirani yake. Walakini hakusema kwamba sala za Mahanafi ni batili, kwani miongoni mwao wamepita mawalii wengi wasioisoma. Alisema pia kwamba amkutaye imamu katika rukuu ameipata rakaa ile, maana hakuiacha Fatiha kwa makusudi. Hukumu hii yapatana na habari ya Hadhrat Abu Bakra r.a., aliyerukuu kabla hajaifikia safu: Mtume s.a.w. alimwombea azidishiwe hima, akamwambia asirudie kufanya vile, wala hakumwamuru kuisali tena rakaa ile.

Juu ya Bismillahi sitasema mengi. Kule Qadian imamu alikuwa mara nyingi Hadhrat Maulvi Abdul Karim r.a., naye aliisoma kwa sauti. Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a. aliisoma kimya. Seyidna Ahmad a.s. alisali nyuma ya wote wawili bila kumkataza yeyote. Kunuti nayo Mtume s.a.w. aliisoma katika masiku ya msiba, kama walipouawa masahaba wasomaji wa Qurani huko Bir Mauna.

Na wewe uliyetoka katika Ukristo, ambaye ulimi wako haujazoea Kiarabu, usiiache sala kwa kungoja uhifadhi Fatiha. Alikuja mtu kwa Mtume s.a.w. akasema hawezi kushika kitu katika Qurani, naye akafundishwa maneno machache ya kumtukuza na kumsifu Mungu yamtoshe kwa wakati ule. Jifunze aya moja kila siku mbili. Fatiha ina aya saba tu.

Sasa natazama swali la pili. Nimeona watu wa msikiti mmoja wakinuniana kwa sababu ya Bismillahi na Amin, mambo ambayo Sharia yenyewe imeyaachia nafasi. Na baadhi ya watu hao hao hukopesha debe moja la mahindi wakati wa njaa ili walipwe madebe mawili wakati wa mavuno, wala usingizi hauwapotei. Hali riba ndilo jambo ambalo Qurani Tukufu, katika aya ya 280 ya Al-Baqara, yamtangazia asiyeliacha vita kutoka kwa Mungu na Mtume Wake. Hakuna aya ya namna hiyo juu ya Bismillahi.

Wako wasemao kwamba iliyokatazwa ni riba ya maradufu tu, iliyotajwa katika Aali Imran, si hii ndogo ya benki. Hebu wapige hesabu. Shilingi 1,000 zikikopeshwa kwa riba ya asilimia 20, na riba ikiongezwa juu ya deni kila mwaka, baada ya miaka minne deni ni zaidi ya shilingi 2,073. Maradufu imekwisha kufika. Tena aya za Al-Baqara zaamrisha kuiacha riba yote iliyosalia, na mwenye mali kurudishiwa rasilimali yake tu.

Riba ni nini basi? Ni mtu kukopesha mali kwa kujitakia faida, akashurutisha nyongeza. Pasipo sharti, mkopaji akiongeza kitu kwa hiari yake, hiyo siyo riba, Mtume s.a.w. mwenyewe alimlipa Hadhrat Jabir r.a. deni lake na kumzidishia. Lakini benki hutangaza nyongeza yake tangu mwanzo.

Swali hili lilimfikia Seyidna Ahmad a.s. wakati wa uhai wake. Alijibu kwamba fedha hiyo isitumiwe na mtu kwa nafsi yake wala kwa jamaa zake. Lakini kwa kuwa Uislamu umo katika dhiki na washambuliwa pande zote, yaweza kutumiwa katika kuutangaza Uislamu, kwani vitu vyote ni vya Mungu, na kilicho haramu kwa mtu si haramu Kwake. Mtu asiifanye ruhusa hii kuwa mlango wa kutafutia riba. Aweke akiba benki kwa usalama wa mali yake, si kwa ajili ya nyongeza.

Kwa kukopa mlango ni mwembamba zaidi. Alipoulizwa kama mwenye shida aweza kukopa kwa riba, Seyidna Ahmad a.s. alikumbusha kwamba nyama ya nguruwe imeruhusiwa kwa aliyeshikwa na njaa ya kufisha, lakini Qurani haikuweka ruhusa kama hiyo kwa riba. Aliyekwisha kukopa kabla ya kujua na ajitahidi kulimaliza deni lake, asichukue jingine.

Ndugu yetu mwenye akiba atazame katika kitabu chake cha benki ni kiasi gani kilichoongezwa, akitenge, na akikabidhi kwa katibu wa mali au mubashiri wa mahali pake, akimweleza waziwazi kwamba ni fedha ya riba kwa ajili ya kutangaza Uislamu. Kisihesabiwe kuwa chanda yake. Chanda hutolewa katika jasho la mtu.