SOMO: Kuchagua Chuo cha Shahada ya Uzamili na Kupata Mahali pa Kuishi



Miaka ishirini iliyopita watu wenye shahada ya kwanza katika wilaya zetu walihesabika kwa vidole. Leo hali ni tofauti. Walimu, wauguzi, maafisa kilimo, wahasibu wa halmashauri na wafanyakazi wa migodini kutoka Shinyanga, Kahama, Geita na Bukombe wanafika katika ofisi zetu wakiuliza jambo moja: "Nataka kusoma shahada ya uzamili. Niende chuo gani?"

Ni swali zuri, lakini ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni: "Nitaishi wapi, na kwa fedha gani?" Wengi hawaiulizi mpaka wamekwisha kupokea barua ya udahili. Familia imeuza ng'ombe au mpunga, ada ya mwanzo imelipwa, mwanafunzi anashuka stendi akiwa na begi na hana pa kulala. Tumewaona walioacha masomo katikati, na wengi wao darasani walikuwa wakifaulu. Walishindwa kwa kodi ya chumba, nauli na ada ya semesta ya tatu. Mtu wa namna hiyo hurudi nyumbani bila cheti, ng'ombe hawapo, na wadogo zake wanaambiwa kwamba kusoma sana hakuna faida. Hasara hiyo ni ya ukoo mzima.

Baada ya somo hili, msomaji ataweza:
- kueleza mambo ya kuangalia kabla ya kuomba chuo;
- kulinganisha gharama za makazi ya aina mbalimbali;
- kuandaa bajeti inayofika hadi siku ya kukabidhi tasnifu.

1. ANZA NA KAZI, SI JINA LA CHUO

Jiulize kwanza: nikimaliza nitafanya nini ambacho siwezi kukifanya leo? Mwalimu anayetaka kuwa mkaguzi, muuguzi anayetaka kusimamia afya ya jamii na mtaalamu wa maji anayetaka kuchunguza zebaki katika mito ya wachimbaji wadogo hawahitaji chuo kimoja.

Kwa watu wa ukanda wetu, vyuo vya karibu zaidi vipo Mwanza. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kipo Malimbe, Nyegezi, na kinafahamika kwa elimu, biashara na mawasiliano ya umma. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS) kipo Bugando, kwa wanaosomea tiba na afya ya jamii. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kama kilomita 160. Wenzetu wa Geita nao wamepata nafuu: tangu Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limeondoa kungoja kivuko.

Mbali zaidi kuna Dodoma (UDOM), iliyoanza mwaka 2007. Morogoro ipo Sokoine kwa kilimo na mifugo, na Mzumbe kwa utawala na usimamizi. Moshi ipo MoCU kwa ushirika, chuo ambacho pia kina tawi Kizumbi, hapa Shinyanga. Tengeru, Arusha, ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011 na inayofundisha uzamili na uzamivu wa sayansi, yakiwamo masuala ya maji na mazingira. Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 1,000 kutoka Shinyanga, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi, Muhimbili na vinginevyo.

Tusisahau Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Kina vituo mikoani, Shinyanga ikiwemo. Kwa mtu anayefanya kazi kwa zamu mgodini, au mama mwenye watoto wadogo, hiki huenda kikawa chuo bora kuliko kile chenye jina kubwa. Anabaki na mshahara, na hapangi chumba popote. Lakini ajue kwamba hakuna kengele ya kumwamsha. Asiyeweza kujipangia saa mbili za kusoma kila siku atachelewa miaka.

2. HAKIKISHA CHUO NA KOZI VIMEIDHINISHWA

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa orodha ya vyuo na kozi zilizoidhinishwa. Angalia vyote viwili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ikawa bado haijaidhinishwa. Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na katika vyuo vingine ilizuia baadhi ya kozi tu. Aliyepiga simu au kwenda kuuliza mapema alijiepusha na usumbufu.

Angalia pia sifa zako. Vyuo vingi hudai shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7 kwa kipimo cha 5. Mwenye wastani wa chini aulize kama uzoefu wa kazi au stashahada ya uzamili itamfungulia mlango. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake TCU vitambuliwe kabla ya kuomba, maana hatua hiyo huchukua muda.

3. ULIZA MUUNDO WA KOZI KABLA YA KUTAFUTA CHUMBA

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na hapa ndipo fedha nyingi huokolewa. Shahada ya uzamili nyingi za nchini huchukua miezi 18 hadi 24. Kwa kawaida semesta mbili za kwanza ni za darasani. Baada ya hapo mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti, huenda kukusanya takwimu, kisha huandika tasnifu. Zipo pia kozi za utafiti mtupu, na zipo za jioni kwa wafanyakazi.

Sasa fikiri. Ikiwa utafiti wako ni juu ya wachimbaji wadogo wa Katoro au wakulima wa pamba wa Kishapu, utakuwa nyumbani miezi kadhaa ya mwaka wa pili. Kwa nini ulipie chumba cha mjini miezi 24? Pangia muda wa darasani, kisha panga tena kwa muda mfupi wakati wa kukutana na msimamizi na kutetea tasnifu.

Uliza idara maswali haya manne, na uandike majibu:
(a) Vipindi ni asubuhi, jioni, au mwisho wa wiki?
(b) Semesta za darasani zinaanza na kwisha lini?
(c) Kuna wasimamizi wangapi katika fani yangu, na kila mmoja ana wanafunzi wangapi?
(d) Nikichelewa kukabidhi tasnifu, nitatozwa nini?

Swali la tatu ni la uzito. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi anaweza kukuchelewesha mwaka mzima, na mwaka huo una kodi yake. Kumbuka pia vibali. Utafiti unaohusu afya ya watu huhitaji kibali cha maadili, na wa kuingia vijijini huhitaji barua inayopitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Omba mapema.

4. MAKAZI: NJIA TATU

Njia ya kwanza: hosteli ya chuo. Ina usalama, na muda wa njiani ni mfupi. Lakini katika vyuo vingi vyumba hutolewa kwanza kwa wa shahada ya kwanza, hasa wapya. Hata Dar es Salaam, ambako mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa Aprili 2017 yana nafasi 3,840, bado wengi hupanga mitaani. Omba siku ileile unayopokea barua ya udahili. Mwenye mtoto mchanga aulize wazi, kwa sababu hosteli nyingi hazipokei watoto.

Njia ya pili: kukaa kwa ndugu. Sisi ni watu wa ukoo, na nyumba ya mjomba haikosi mkeka. Lakini mjomba akiwa Mbagala na chuo kipo Mlimani, unamaliza siku ndani ya daladala. Na mgeni, tulivyofundishwa, siku ya tatu hupewa jembe. Kabla ya kuhamia, kaeni chini na wenyeji mkubaliane: utachangia nini katika chakula na umeme, utasaidia kazi gani, na utasoma saa ngapi bila kutumwa dukani. Kusema mapema kunalinda undugu.

Njia ya tatu: kupanga chumba. Karibu na SAUT wanafunzi hupanga Malimbe, Nsumba, Sweya na Nyegezi. Karibu na Mlimani hupanga Changanyikeni, Msewe, Ubungo na Sinza. Karibu na Mzumbe hupanga Changarawe. Huko wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Fuata taratibu hizi:

- Usitume fedha kwa simu kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona kwa macho. Matapeli hupenda sana wanafunzi wa mikoani wenye haraka.
- Tafuta mtu wa kukutazamia. Usharika ulio karibu na chuo, wanafunzi wa USCF au serikali ya wanafunzi wanaweza kukuelekeza. Barua ya mchungaji wako husaidia kukutambulisha, lakini haipunguzi kodi.
- Kitazame chumba mchana na usiku. Mchana utaona maji na choo; usiku utaona taa za njiani na kelele za baa.
- Uliza LUKU ni ya nani na inagawanywa vipi. Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye umeme.
- Andikishaneni mkataba, upate risiti, na ujitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Mkataba utaje nini kitatokea ukiondoka mapema kwenda kwenye utafiti.

5. MFANO WA HESABU

Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Weka za mahali unapokwenda. Tuseme chumba karibu na chuo ni sh. 90,000 kwa mwezi, na cha mbali ni sh. 50,000. Wa mbali anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja sh. 600.

Nauli kwa siku: 600 x 4 = 2,400
Nauli kwa siku 22: 2,400 x 22 = 52,800
Chumba cha mbali na nauli: 50,000 + 52,800 = 102,800
Chumba cha karibu bila nauli: 90,000

Chumba kilichoonekana rahisi kimezidi kwa sh. 12,800 kila mwezi, na bado hatujahesabu saa mbili tatu za foleni kila siku. Lakini mwenye vipindi Ijumaa na Jumamosi tu atapata jibu jingine. Siku 8 kwa nauli hiyo ni sh. 19,200, na hapo cha mbali ndicho nafuu. Ndiyo maana tulisema uulize ratiba kwanza.

Angalia pia siku ya kwanza. Kwa chumba cha sh. 90,000, miezi sita ni 540,000. Ongeza ya dalali 90,000, unapata sh. 630,000 kabla ya godoro, ndoo na jiko. Anayesafiri na ada peke yake hajajiandaa.

6. FEDHA NA KALENDA YAKE

Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huwalenga zaidi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo wa uzamili asiitegemee. Atafute mwajiri wa kumdhamini, na kama ni mtumishi wa umma apate ruhusa ya masomo kwa maandishi. Zipo pia nafasi za ufadhili, kama za DAAD ya Ujerumani, na zile zinazopitia makanisa wanachama wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Soma masharti vizuri: ufadhili mwingine hulipa ada tu na kuacha makazi.

Katika ukanda wa dhahabu kuna jambo la pekee. Familia nyingi husomesha kwa fedha ya duara. Duara likitema, fedha huja nyingi kwa siku moja. Lisipotema, miezi hupita. Lakini chuo kina kalenda, na mwenye nyumba ana kalenda. Siku fedha inapopatikana, ilipe ada ya mwaka na kodi ya semesta, au iwekwe katika akaunti ya masomo ambayo haitoki bila sahihi za watu wawili. Fedha iliyobaki mfukoni itapata msiba, harusi na pikipiki ya kununua. Vivyo hivyo kwa mauzo ya pamba na mpunga: weka akiba msimu wa mavuno, maana semesta ya pili haingojei mvua.

Yesu, katika Luka 14, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Shahada ya uzamili ni mnara wa namna hiyo. Hesabu mpaka tofali la mwisho, yaani kuchapa na kukabidhi tasnifu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji au mtaa wenu, yupo aliyeacha masomo ya juu? Ni sababu ipi ilikuwa kubwa: masomo, fedha, makazi au familia?
2. Mama mwenye watoto wawili anataka kusoma uzamili. Linganisheni Chuo Kikuu Huria na chuo cha kukaa darasani Mwanza. Atapata nini na atapoteza nini kwa kila njia?
3. Ukoo umepata fedha ya duara ya kutosha ada ya miaka miwili. Tengenezeni utaratibu wa kuilinda.
4. Kila mmoja aandike bajeti ya miezi 24, akitenganisha miezi ya darasani, ya utafiti na ya kuandika tasnifu.

Wanaokusudia kuomba mwaka huu waje ofisini na bajeti ya swali la nne ikiwa imejazwa. Tutakaa nao na kuipitia mstari kwa mstari.