Mume wangu amemfanya jirani muuaji kitabuni

Shangazi, nimezaliwa Tanga, nimeolewa huku Eifel, magharibi mwa Ujerumani. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na likizo zake zote huishia kwenye kuandika riwaya za upelelezi za mkoa wetu. Juzi nimesoma mswada wake mpya. Muuaji ni mwenye bucha anayechechemea mguu wa kushoto, ana gari jekundu na mke aliyemkimbia. Ni jirani yetu kabisa! Nikisema, najibiwa, "Hii ni hadithi tu." Watoto wetu wanasoma darasa moja na watoto wa jirani huyo. Nifanyeje?
Mama wa Wawili, Eifel

Mwanangu, hofu yako ina msingi, na maadamu mswada bado uko nyumbani, hujachelewa.

Mumeo hajakosea kuandika juu ya kijiji chake. Riwaya hizi hupendwa Ujerumani kwa sababu msomaji anaijua barabara, anakijua chakula, anaisikia lahaja ya kwao. Huko huko kwenu, mwandishi Jacques Berndorf alitoa riwaya ya *Eifel-Blues* mwaka 1989, na wasomaji wakaanza kuitazama Eifel kwa jicho jingine. Kule Allgäu, kusini mwa Ujerumani, Michael Kobr, aliyekuwa mwalimu kama mumeo, alishirikiana na mwandishi wa habari Volker Klüpfel kumbuni mpelelezi Kluftinger. Wamemweka Altusried, kijiji cha kweli, na kila Jumatatu anakula Kässpatzen, tambi za jibini za huko. Kijiji kipo, chakula kipo. Mtu wamemtunga wenyewe. Mpaka uko hapo.

Tena "hadithi tu" si kinga. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikubali riwaya *Esra* ya Maxim Biller ibaki marufuku, kwa kuwa mpenzi wake wa zamani alitambulika humo na mambo yake ya ndani yakaanikwa. Kesi hiyo si sawa na yenu, lakini inafundisha kwamba kubadili jina hakutoshi kumficha mtu.

Basi watoto wakishalala, keti na mumeo, mpitie mswada pamoja. Mwonyeshe mguu, gari, mke. Alama hizo zote ziondoke. Muuaji apewe kazi nyingine, umri mwingine na familia nyingine. Asiguse pia siri za wanafunzi wala wazazi wao. Mwalimu huzijua kwa sababu ya kazi yake, nazo ni amana.

Wewe usimdokeze mwenye bucha wala jirani yeyote. Utamuumiza mtu kwa jambo ambalo bado linarekebishika, na mumeo hatakuonyesha tena anachoandika. Akishikilia msimamo wake, mwombe amweleze mhariri wake ukweli wote kabla ya kuchapa.

Kwangu mimi, mswada huo usichapwe mpaka muuaji awe mtu ambaye hakuna mwanakijiji anayeweza kumnyooshea kidole.