Kamio ya Waaskari Inapogeuzwa Kubeba Maharagi



Wengine wenu mmeniuliza juu ya nini kapita wa shule anaandika habari za makamio, na si za usafi wa mabweni. Za usafi mmezisikia. Leo tujifunze juu ya kitu tunachokipanda kila mwanzo wa masomo, tukikaa juu ya magunia, bila kujua kinasimamishwa na nini. (Wale wa seksiyo ya biolojia wasifungue ukurasa mwingine.)

Kwanza, kamio ya kiaskari ni nini? Mfano unaojulikana sana ni GMC ya Marekani ya wakati wa vita vya 1939-1945. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000. Ilikuwa na ekseli tatu, na injini iliweza kusukuma magurudumu ya ekseli zote, lakini ilihesabiwa kubeba tani 2 na nusu tu kwenye njia mbaya. Vita vilipokwisha, nyingi ziliuzwa kwa raia katika nchi mbalimbali. Desturi hiyo haijaisha: jeshi likipata magari mapya, ya zamani yanauzwa.

Kwetu kamio ya namna hii inapendwa kwa sababu ya njia. Anayejua matope ya kutoka Masisi kwenda Walikale hahitaji maelezo. Katika miaka ya 2000 watu walibeba kasiterite ya Bisie mgongoni, na ndege ndogo zilitua juu ya lami ya Kilambo, kwenye barabara yenyewe, ili kuipeleka Goma. Fasi ambayo ndege inatua barabarani kwa sababu kamio hazipiti, mtu akiona kamio inayosukuma kwa magurudumu yote, anauza ng'ombe.

Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wanne. Akapata kamio kuukuu ya kiaskari pamoja na romoki yake ya magurudumu mawili. Garaji moja ikamrefushia shasi kwa meta moja ili magunia yaongezeke. Romoki wakaifunga nyuma, basi. Miezi mitatu yote ilikuwa nyimbo. Mwezi wa nne, ikiteremka kuelekea Sake na maharagi, dereva alisikia harufu ya kuungua, akakanyaga freni, na mguu ukafika chini kabisa. Aliigonga kamio kwenye ukingo wa mlima, upande usio na bonde. Alifanya vizuri. Lakini romoki ilizunguka ikambana motoboi. Kijana yule tulikaa benchi moja katika mwaka wa tatu, mbele ya kukosa pesa za masomo. Sasa anatembea kwa magongo.

Tuone sasa hesabu ambayo haikufanywa. Tuseme kamio na mzigo wake ni tani 10, na inashuka kimo cha meta 500. Kilo 10,000 mara 9.8 mara 500 ni juli milioni 49. Kama dereva anaizuia kwa freni peke yake, karibu nguvu hiyo yote inageuka joto ndani ya ngoma za freni. Joto hilo lingeweza kuchukua lita 145 za maji ya nyuzi 20 na kuzifikisha kwenye kuchemka! Ngoma inapanuka, vitambaa vya freni vinapoteza mshiko, na mafuta ya freni yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unakandamizika, kwa hiyo mguu unazama bure. Ndiyo sababu wazee wa njia wanashuka kwa vitesi ileile waliyopandia: injini inazuia, freni inasaidia tu.

Sasa ongeza romoki. Romoki nyingi za jeshi zina freni zao, zinazoendeshwa kwa hewa inayopita katika mpira kutoka kamio. Kama kamio haitoi hewa, mafundi wengine wanaacha mpira unaning'inia. Hapo romoki haizuiwi na kitu. Inaisukuma kamio, na njia ikipinda inataka kuipita. Angalieni pia ile pete ya kukokotea: ikilika upande mmoja, ibadilishwe. Na mzigo uelekee kidogo mbele ya ekseli, kwani ukikaa nyuma sana unainua mkia wa kamio.

Shasi nayo si ubao wa kuunga. Moto wa sudire unalainisha chuma pembeni ya mshono. Ukiikata wima na kuiunga hivyo tu, nguvu zote zinakusanyika kwenye mstari mmoja. Ya baba mdogo tuliikuta na ufa wa urefu wa kidole. Afadhali kukata kwa mshazari, kutia bamba ndani na kulifunga kwa bulonzi. Matundu yatobolewe katikati ya ukuta wa shasi, si kwenye midomo yake ya juu na chini, maana ndiko inakovutwa na kubanwa zaidi. Kardani ikirefuka inapiga kama kamba, kwa hiyo inagawanywa vipande viwili na kutiwa beringi katikati.

Juu ya umeme ni neno moja: makamio mengi ya kiaskari yana volti 24, yaani batri mbili za 12 zimefuatana. Msichukue umeme wa redio kwenye batri moja, zote mbili zitakufa.

Baba mdogo anataka kuirudisha njiani mbele ya mavuno. Nimemwandikia kwamba ufa uunganishwe upya, na romoki ibaki nyumbani mpaka apate pompi ya hewa na mipira yake. Nimemtumia na ile hesabu ya lita 145, kwa herufi kubwa. Hajanijibu bado.